Nani ana muda wa mradi wa kando?

Mafaili mawili yalikuwa mezani. La kwanza lilikuwa la mwombaji mwenye vyeti vinne vya kitaaluma na ukurasa usio na kitu kwenye GitHub, mtandao ambako waandishi wa programu huhifadhi na kuonyesha msimbo wao, yaani maandishi ya programu zao. La pili lilikuwa la kijana ambaye ukurasa wake huko umejaa miraba ya kijani, ile inayoonyesha siku ambazo mtu alichangia kitu, karibu kila siku ya mwaka, miradi thelathini na kitu, cheti hata kimoja hana. Mwenzangu kwenye jopo la usaili alilisogeza la kwanza pembeni kwa kidole kimoja. "Huyu amekariri," akasema. "Fundi ni huyu." Sote tukaitikia kwa kichwa, mimi nikiwemo. Kuitikia kule ndiko kunakonisumbua, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameufungua mradi wowote kati ya ile thelathini.

Miongoni mwetu waandishi wa programu hukumu hii imeshakuwa desturi. Mradi wa kando, ule unaoujenga mwenyewe nje ya ajira, ni kazi; cheti ni karatasi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na anayejitembeza na vyeti, basi ana kasoro anayoificha. Sitaki kuubeza upande huu, maana umejengwa juu ya mambo ya kweli. Guido van Rossum alianza kuandika Python, lugha ya kuandikia programu, wakati wa Krismasi ya 1989, akitafuta cha kumshughulisha wiki ambayo ofisi ilifungwa. Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi Helsinki, aliwaandikia watumiaji wa Minix, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia, tarehe 25 Agosti 1991 kwamba anatengeneza mfumo endeshi, akaongeza kwamba ni burudani tu, hautakuwa kitu kikubwa; ndio huo tunaouita Linux. Daniel Stenberg alitaka programu ndogo ya kumletea viwango vya kubadilishia fedha kutoka kwenye mtandao; humo ikachipuka curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, iliyotoka kwa jina hilo mwaka 1998 na leo imo ndani ya simu, magari na runinga. Hakuna mtihani uliozaa kitu cha namna hiyo.

Tena mradi wako mwenyewe hukufundisha jambo ambalo kazini hulipati kwa urahisi, nalo ni kuushika mfumo mzima kuanzia wazo hadi seva. Hakuna anayekupa majibu manne uchague moja. Programu ikigoma usiku, ni wewe na ujumbe wa hitilafu, basi.

Lakini zisome upya hadithi hizo tatu. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyekuwa anatengeneza kitu ili amwonyeshe mwajiri. Van Rossum alikuwa na kazi. Torvalds alikuwa anaichokonoa kompyuta yake mpya. Burudani ilikuwa burudani, na pengine ndiyo sababu ilizaa. Tunachowadai vijana leo ni kitu kingine kabisa: burudani inayofanywa mbele ya mashahidi. Na kitu kikishafanywa kwa ajili ya mashahidi, hubadilika.

Hapa kuna ushahidi ambao huwa naurudia hadi wenzangu wanachoka. Zamani GitHub iliweka kwenye ukurasa wa kila mtu kaunta ya kuhesabu siku mfululizo alizochangia msimbo bila kukosa. Mwaka 2016 ikaiondoa bila kutangaza mapema. Watafiti baadaye wakapata nafasi adimu ya kulinganisha mwenendo wa watu kabla na baada. Walichokikuta ni kwamba mifululizo mirefu ilitelekezwa karibu mara moja. Kazi za mwisho wa wiki zikapungua. Siku ambazo mtu alichangia kitu kimoja tu, kile cha kuilinda kaunta isirudi sifuri, nazo zikapungua.

Tafakari maana yake. Kilichoondolewa kilikuwa tarakimu tu. Hakuna aliyefungiwa hazina yake ya msimbo wala kunyang'anywa kompyuta, na bado Jumamosi za watu zikabadilika. Maana yake sehemu ya yale tuliyokuwa tukiyaita mapenzi ya ufundi ilikuwa inaitumikia kaunta. Siwalaumu. Nami nimewahi kurekebisha nukta moja kwenye faili la maelezo saa tano na dakika hamsini usiku, nikalala kwa amani. Ila tuseme ukweli: ule ukurasa wa kijani ni cheti pia. Tofauti yake na kile cha karatasi ni kwamba hauna mtahini, hauna mtaala, na hakuna anayejua alama za kufaulu ni ngapi. Miraba imebaki hadi leo, na bado inasomwa na watu kama jopo letu.

Kisha lipo suala la muda. Mradi wa kando hudai usiku na mwisho wa wiki, tena usiku mingi isiyo na ukomo. Mwenye mtoto mchanga hana. Anayemuuguza mzazi hana. Anayefanya kazi mbili ndiyo kabisa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na katika fani yetu shibe kubwa ni saa tupu. Wapo pia waandishi hodari ambao kazi yao yote imefungiwa ndani ya hazina za waajiri wao, na mikataba mingine hudai umiliki hata wa wanachoandika nyumbani. Huyo anaweza kuwa ameshika mfumo wa malipo kwa miaka minane na ukurasa wake wa hadharani ukawa mweupe kama karatasi mpya.

Cheti kinamwendea mtu huyu kwa namna nyingine. Kina mtaala unaojulikana, tarehe ya mtihani, na mwisho. Mtihani wa wasanifu wa ngazi ya kati wa AWS, huduma ya wingu ya Amazon, yaani kompyuta za kukodi mtandaoni, ni maswali 65 kwa dakika 130. Umeingia, umetoka, umejua. Maandalizi yake yanakatika vipande vidogo, dakika ishirini kabla ya kulala, nusu saa mtoto akisinzia. Mradi haukatiki hivyo. Ukiuacha siku tisa, siku ya kumi unatumia saa nzima kukumbuka ulichokuwa unafikiria.

Hoja ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, inahusu yale mtu anayojifunza. Katika mradi wako maswali unayachagua mwenyewe, na binadamu huchagua anayoyapenda. Nina programu niliyojiandikia ya kuweka hesabu za nyumbani. Niliionea fahari kweli: michoro mizuri, kurasa zinafunguka kwa kasi. Kwa miaka mitatu nenosiri la hifadhidata lilikuwa limeandikwa ndani ya msimbo wenyewe, na nakala rudufu haikuwepo hata moja. Sikuwa mzembe kazini. Huko wapo wengine walioyashughulikia hayo. Nyumbani mtumiaji alikuwa mmoja, naye alikuwa mimi, naye alikuwa msamehevu.

Kilichonizindua ni mtihani nilioufanya kwa kulazimishwa. Katika mtaala wake mlikuwa na sura ya ruhusa: kila mtumiaji na kila programu apewe ruhusa inayotosha kazi yake, isizidi. Ikafuata sura ya maafa, yenye maswali mawili makavu. Mfumo ukianguka, unaweza kuvumilia kupoteza data ya muda gani? Na unatakiwa urudi kazini baada ya muda gani? Nikajaribu kuyajibu kwa ajili ya programu yangu ya hesabu. Jibu la kwanza lilikuwa "yote". La pili lilikuwa "sijui". Jioni ile sikusoma tena, niliketi kurekebisha. Miaka mitatu ya mradi haikuwahi kuniuliza hayo, na isingeniuliza hadi diski ife.

Najua kitakachosemwa sasa, kwamba mtu anaweza kufaulu bila kuelewa. Anaweza. Miaka ya 1990 vyeti vya Novell, kampuni ya programu za mitandao, na vya Microsoft vilisambaa kwa kasi kiasi kwamba mafundi wenyewe walianza kuwaita baadhi ya wenzao wahandisi wa karatasi: amefaulu kila kitu, ila mpe seva iliyokufa uone. Maswali ya mitihani bado yanavuja na kuuzwa, na mwenye kumbukumbu nzuri hupita. Hili ni doa halisi, wala silifuti.

Ila angalia jinsi tunavyolinganisha. Mradi tunaupima kwa Linux, na cheti tunakipima kwa mtihani dhaifu kuliko yote. Kama mizani ingekuwa sawa, tungechukua mitihani migumu pia. CCIE, cheti cha Cisco cha wahandisi wa mitandao, tangu 1993 imekuwa na mtihani wa maabara, siku hizi saa 8 za kujenga na kukarabati mtandao. Mtihani wa wasimamizi wa Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi kwa pamoja, hukupa saa 2 mbele ya mifumo inayofanya kazi, uirekebishe kwa amri, hakuna herufi ya kuchagua. OSCP, mtihani wa wadukuzi wa maadili, wanaodukua mifumo kwa ruhusa ili kuipima, huchukua karibu saa 24, kisha unaandika ripoti. CISSP, cheti cha wataalamu wa usalama wa taarifa, haitoshi hata kuifaulu. Lazima uthibitishe pia miaka 5 ya kazi ya kulipwa. Huko juu sioni tena mpaka kati ya mtihani na kazi. Na upande wa pili, tungeichukua pia miradi ya kawaida. Baada ya usaili ule hatimaye niliifungua ile thelathini. Mingi ilikuwa somo la mtandaoni lililonakiliwa hatua kwa hatua, ikaanzwa Ijumaa na kuguswa mara ya mwisho Jumapili.

Hata ule msemo wa chema kujiuza hausimami imara. Mwaka 2015 Max Howell, aliyeanzisha Homebrew, programu ya kusakinisha programu nyingine kwenye kompyuta za Mac, alieleza hadharani kwamba Google walimkataa baada ya usaili ingawa, kwa maneno yao kama alivyoyaeleza, wahandisi wao wengi walikuwa wanaitumia programu hiyo. Alitakiwa kutatua fumbo la mti wa data ubaoni. Mtu anaweza kusema ni kisa kimoja, na pengine jopo lilikuwa na sababu zake. Sawa. Lakini kama Homebrew haikumsemea mwenyewe, mimi na orodha yangu ya kazi za nyumbani tutasemewa na nini?

Lipo linaloiuma hoja yangu, nami sina dawa yake kamili. Marekani ilijaribu kuwapa wahandisi wa programu mtihani wa leseni kama wa wahandisi wa madaraja. Baraza linaloandaa mitihani hiyo, NCEES, liliuanzisha mwaka 2013. Lilipotangaza kwamba litaufuta, ulikuwa umefanywa mara tano, na watahiniwa wote kwa ujumla walikuwa 81. Themanini na mmoja, katika nchi yenye waandishi wa programu wanaohesabika kwa mamilioni. Mara ya mwisho ulifanyika Aprili 2019. Huu haukuwa mtihani wa kampuni inayouza bidhaa. Ulilenga misingi yenyewe ya fani. Ukakosa watu, huku mitihani ya kampuni za wingu ikijaa.

Naisoma hivi: watu hawafuati mtihani bora, wanafuata mtihani unaotajwa kwenye tangazo la kazi. Na vyeti vinavyotajwa kwa wingi ni vya kampuni zinazouza bidhaa zilezile zinazotahiniwa. Ndiyo maana sehemu ya mtaala huwa ni kukariri majina ya huduma zao, ambayo ukihamia kampuni nyingine hayakufai kitu. Ndiyo maana pia wanaomtetea mwenye mradi husema yeye amejifunza ufundi, mwenye cheti amejifunza katalogi. Wana haki kwa kiasi. Sura ya ruhusa niliyoisifu ilikuwa katikati ya kurasa nyingi za katalogi.

Kuhusu kuisha muda, sina ugomvi kama wengine. Vyeti vya AWS hudumu miaka 3, vingi vya Microsoft sasa mwaka mmoja kisha unahuisha mtandaoni bila malipo. Wanaoita hilo ukamuaji wanasahau kwamba mradi wa 2014 hauna wa kuuambia kuwa umechakaa. Unakaa tu pale, na mwenyewe anaendelea kuutaja.

Siku hizi nikiwa kwenye jopo nauliza maswali mawili. Mwenye miradi namuuliza nani mwingine anautumia mradi wake, na siku ulipomharibikia mtu huyo ilikuwaje. Mwenye vyeti namuuliza ni sura gani ilimfanya arudi kazini akabadilishe kitu. Wapo wanaokwama pande zote mbili, na wapo wanaonifundisha jambo.

Lile faili la kwanza tulilirudisha bila kumwita mwenyewe. Nililipitia tena kabla halijaondoka, safari hii nikitazama tarehe. Cheti cha kwanza, kisha miezi minane, cha pili, kisha miezi saba, cha tatu, na karibu mwaka kabla ya cha nne. Kwenye nafasi ya kazi aliyokuwa nayo muda wote huo palikuwa na mstari mmoja: uingizaji wa data, zamu ya usiku.