Kiroba Kwenye Tundu la Hewa

Julai iliyopita nilimtembelea mdogo wangu upande wa Mtumba, Dodoma, kwenye mradi wa ujenzi anakofanya kazi. Mwajiri wao amewapangia nyumba za paneli, zile zinazoletwa vipande vipande juu ya lori, zikafungwa kwa skrubu, na wiki haiishi watu wameshahamia. Nilifika saa mbili usiku. Mnaijua baridi ya Dodoma mwezi huo, upepo ukishaanza. Hata sijakaa vizuri, wifi akaniambia, "Wifi, rudishia mlango, mtoto atapigwa na baridi." Katikati ya chumba palikuwa na jiko la mkaa, moto umekolea, mwekundu, hautoi moshi hata kidogo. Mtoto wa miezi minane amelala kitandani, hatua mbili kutoka hapo.

Niliinua macho kutafuta tundu la hewa. Lilikuwepo moja tu, juu ya mlango, ukubwa wa daftari. Limezibwa kwa kiroba cha unga kilichokunjwa mara nne, kimepigwa misumari, na kingo zake zimebandikwa selotepu ili vumbi lisipenye. Kioo cha dirisha kilikuwa kinatiririka maji kwa ndani.

Nililibeba jiko nikalitoa nje bila kuomba ruhusa. Wifi akanishangaa. "Lakini moshi si umeshaisha?"

Maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa mdogo na ndiyo yaliyonifanya niandike leo. Tumefundishana kuogopa moshi, basi mkaa ukishakolea tunauingiza ndani kwa amani. Jamani, kuna gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Mkaa uliokolea unaitoa, na ikiingia kifuani inaishika damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu hapaliwi, hakohoi. Kichwa kinamuuma, mwili unalegea, anadhani ni uchovu wa kazi, analala. Mdogo wangu aliniambia mwenyewe kwamba tangu wahamie anaamka na kichwa kizito kila siku, akifika saitini kinapoa. Alikuwa amenunua dawa za maumivu.

Tatizo halikuanzia kwenye jiko. Nyumba ya tofali za kuchoma iliyoezekwa bati bila dari ina upenyo chini ya kenchi, hewa inajitafutia njia hata fundi asipoikumbuka. Paneli haina huruma hiyo. Ndani yake ni povu gumu, kwenye maungio wanajaza silikoni, dirisha ni la aluminiamu la kusukuma. Nyumba hiyo haivuji popote, na wauzaji wanaisifia kwa hilo. Sawa, lakini hewa itaingia pale tu ulipoiwekea mlango wake. Ukiziba tundu moja lililopo, watu watatu na moto wao wamebaki na hewa ile ile hadi asubuhi.

Sitaki mtu adhani nalilia tembe, zile nyumba zetu za zamani za udongo hadi paa. Bibi yangu kazeekea kwenye tembe, dari lake lilikuwa jeusi kwa masizi, na kikohozi chake tulikijua hata kabla ya kumwona.

Kuna na ile harufu ya upya. Kabati na vizigeu vya vyumba kwenye nyumba hizi ni mbao za kushindiliwa kwa gundi, na gundi nyingi za aina hiyo hutoa gesi ya fomalidehaidi, ile inayochoma macho unapofungua kabati jipya. Marekani walijifunza kwa machungu. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, maelfu ya familia ziliwekwa kwenye matrela ya kuishi, watu wakalalamika macho, koo na kifua. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilipima matrela na nyumba za aina hiyo 519, na Februari 2008 ikatangaza kwamba fomalidehaidi ilikuwa juu kuliko kwenye nyumba za kawaida. Joto likipanda nayo inazidi kutoka. Sasa fikirieni Novemba yetu, saa nane mchana, madirisha yamefungwa.

Najua mtaniambia habari ya vumbi. Kweli, vumbi la Agosti na Septemba linaingia hadi kwenye chungu kilichofunikwa, na wifi hakuziba tundu kwa ujinga, alikuwa anamlinda mwanawe. Lakini vumbi linazuiwa na wavu wa matundu madogo unaooshwa kila wiki, na kwa kuepuka kuweka tundu kubwa upande wa mashariki unakotoka upepo wetu. Yawe matundu mawili, kuta zinazotazamana, moja chini na moja juu, yasiyo na kifuniko cha kufungwa.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Naunga mkono kwa moyo wote, ila hata gesi inahitaji hewa.

Jumamosi ile mdogo wangu aliazima drili. Akatoboa ukuta wa nyuma, akaweka wavu, kisha akapanda kwenye ndoo kung'oa kiroba. Vumbi lililomwagika lilimjaa usoni. Jiko sasa linakaa nje, mtoto amenunuliwa blanketi la pili. Kwenye mstari ule kuna nyumba nyingine 11, nami nilizipita zote nikitazama juu ya milango. Tisa zina viroba.