Miezi mitatu kabla ya mimba, ukiwa kwenye baridi ya Uingereza

Wengi wetu tuliohamia Uingereza tunasifu huduma za uzazi za huku, na zinastahili sifa. Ukishashika mimba unapata mkunga, vipimo vinapangwa kwa tarehe na barua zinakufuata nyumbani. Ninachobishia ni ile imani kwamba mfumo huo unakupokea tangu mwanzo. Kabla ya mimba uko peke yako. Na kama unajiandaa kati ya Novemba na Machi, uko peke yako katika msimu unaokunyima vitu ambavyo nyumbani ulivipata bila hata kuvifikiria: jua, madini joto (ayodini) na watu.

Jua kwanza. Mwishoni mwa Desemba, London linachomoza saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, wakati Dar es Salaam linazama saa kumi na mbili na nusu imeshapita. Tena hata hizo saa chache zikiwa na anga safi, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la huku liko chini mno, na miale inayoufanya mwili utengeneze vitamini D haifiki ya kutosha. Kuota jua dirishani ni kujifariji tu, kioo kinaizuia miale hiyo. Ngozi nyeusi nayo inataka jua refu zaidi kutengeneza kiasi kilekile, ndiyo maana ushauri wa NHS, huduma ya afya ya taifa ya huku, kwa wenye asili ya Afrika ni mikrogramu 10 za vitamini D kila siku, mwaka mzima.

Kosa hutokea kwenye kusoma chupa. Nyingine zimeandikwa mikrogramu, nyingine IU (vipimo vya kimataifa). Gawanya IU kwa 40 upate mikrogramu: 400 ni 10, na 4,000 ni 100, ambazo ndizo kikomo cha siku kwa mtu mzima. Ukijumlisha vidonge vya kujiandaa na ujauzito, vidonge vya D pekee na vile alivyokupa shoga yako kazini, unaweza kuvuka kikomo bila kujua. Chagua kimoja, kimeze na chakula chenye mafuta kidogo, basi.

Mafuta ya ini la samaki, ambayo hapa yanauzwa sana msimu wa baridi, yaache kabisa. Yana vitamini D, ndiyo, lakini yana pia vitamini A ya aina ya retinoli, ambayo ikizidi inadhuru mtoto tumboni. Multivitamini za kawaida nazo mara nyingi zina retinoli, soma nyuma ya pakiti. Na maini, ambayo kwetu kila shangazi anayaagiza kwa kuongeza damu, yaweke kando tangu siku unayoacha uzazi wa mpango. Damu utaiongeza kwa nyama nyekundu, maharage, dengu na mboga za majani, ukiweka ndimu au nyanya kwenye sahani. Chai usiinywe pamoja na mlo; subiri kama saa moja, maana inazuia madini chuma kufyonzwa. Kafeini isizidi miligramu 200 kwa siku: kikombe kikubwa cha chai kina kama 75, cha kahawa ya papo kwa papo (instant) kama 100. Kwenye baridi hii vikombe viwili vya chai huisha kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo cha tatu kiwe tangawizi tupu bila majani.

Kuhusu asidi ya foliki, nyumbani na huku tunafanya kosa moja. Kwetu unapewa FEFO, vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki, ukianza kliniki, na huku mkunga anakuuliza kama unameza vidonge wakati wiki ya nane au ya kumi imeshafika. Mrija unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi baada ya mimba kutunga, wengi wakiwa hata hawajapima. Usipofunga vizuri ndipo tunapopata mgongo wazi. Meza mikrogramu 400 kila siku, anza miezi miwili au mitatu kabla na endelea hadi wiki ya 12. Mwenye kisukari, selimundu, anayetumia dawa za kifafa, au aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji miligramu 5, na hizo ni za kuandikiwa na daktari. Usijaribu kuzifikia kwa kumeza vidonge vidogo kumi na viwili, hasa kama ni multivitamini, kwa sababu vitu vingine vilivyomo vitazidi mno.

Tanzania tangu 2011 na Kenya tangu 2012 zina kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa viwandani. Uingereza, pamoja na majigambo yake yote, ilipitisha sheria ya kuongeza asidi ya foliki kwenye unga wa ngano mwaka 2024, na viwanda vimepewa hadi mwishoni mwa 2026. Unga wa ngano isiyokobolewa haumo. Unga wako wa ugali nao haumo.

Chumvi ndiyo inayowapita wengi. Nyumbani chumvi ya mezani kisheria lazima iwe na madini joto. Huku chumvi nyingi za dukani hazina, na watu huyapata kwenye maziwa ya ng'ombe, samaki wa maji chumvi na mayai. Mwanamke aliyehamia maziwa ya oti (oat) au ya lozi kwa sababu tumbo linamsumbua, na samaki hali, anaweza kukaa miezi bila madini joto ya maana, wakati tezi ya shingo ya mama ndiyo inayosaidia ubongo wa mtoto kukua wiki za mwanzo. Glasi ya mililita 200 ya maziwa ya ng'ombe ina takribani mikrogramu 50 hadi 100, na mtu mzima anahitaji kama 150 kwa siku. Ukinunua maziwa ya mimea, tafuta yaliyoandikwa kwamba yameongezwa madini hayo. Vidonge vya mwani wa baharini usiguse, kiasi chake hakitabiriki na huweza kuzidi sana.

Chanjo ya rubela, ugonjwa unaoweza kumdhuru mtoto tumboni. Tanzania iliianza mwaka 2014 na Kenya 2016, kwa watoto. Kama ulikuwa umeshakua miaka hiyo, huenda hukuchanjwa kamwe, na England iliacha kuwapima wajawazito kinga ya rubela mwaka 2016. Kwa hiyo hakuna atakayekuuliza. Mwombe GP, yaani daktari wako wa mtaani, chanjo ya MMR (ya surua, matumbwitumbwi na rubela), dozi mbili zikipishana angalau mwezi, na usishike mimba ndani ya mwezi mmoja baada ya kuchanjwa. Ukishakuwa mjamzito haitolewi tena. Siku hiyohiyo omba wewe na mwenzio mpimwe selimundu, na utaje dawa zote mnazotumia. Dawa ya kifafa iitwayo valproate ni hatari kubwa kwa mimba, lakini kuiacha ghafla nako ni hatari, kwa hiyo daktari ndiye abadilishe.

Sasa roho. Nyumbani mtu akinyamaza siku mbili, jirani anabisha hodi. Huku unaweza kutoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee gizani, ukalala mchana, ukaamka giza limerudi, wiki nzima, na hakuna aliyeona. Sonona ya msimu huu ina sura yake: usingizi usiokata, hamu ya wanga, uzito kupanda, kukwepa watu, na hamu ya tendo la ndoa kupotea, jambo ambalo kwa anayetafuta mtoto si dogo. Taa maalumu ya lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga) huwasaidia baadhi ya watu, ukikaa nayo kama nusu saa ndani ya saa moja baada ya kuamka, bila kuikodolea macho. Angalia hizo lux zimepimwa kwa umbali gani: ukikaa mbali mara mbili, mwanga unaokufikia unabaki kama robo. Ukiiwasha usiku inaharibu usingizi. Wenye ugonjwa wa macho au wa hisia kupanda na kushuka wamuulize daktari kwanza. Na taa hiyo haitoi vitamini D, watu huchanganya. Kutembea nje saa sita mchana, hata kukiwa na mawingu, kunakupa mwanga mwingi kuliko chumba chochote.

Kama wiki mbili zimepita bila nafuu, England unaweza kujiandikisha mwenyewe kwenye NHS Talking Therapies, huduma ya tiba ya mazungumzo, bila kupitia GP, na mkalimani anaombwa bure. Dawa za sonona usizikatishe kwa sababu tu unataka mimba. Vidonge vya mitishamba vya St John's wort viache, vinagombana na dawa nyingi.

Ngozi ikikauka, mafuta ya mgando yanatosha. Mkorogo wenye zebaki, na krimu za chunusi zenye retinoidi (dawa za jamii ya vitamini A), acha mapema. Udongo wa kula unaouzwa kwenye maduka ya Kiafrika umeonekana kuwa na risasi. Na chetezo cha mkaa kwenye fleti iliyofungwa madirisha kinatoa hewa ya sumu isiyonuka; fukiza udi kwa kifaa cha umeme.

Simu za "vipi, bado?" kutoka nyumbani nazo ni mzigo, na kwa maoni yangu azijibu mume. Mbegu zake huchukua kama siku 70 kukamilika, kwa hiyo ile miezi mitatu ni yake pia: sigara, pombe na maji ya moto sana ya kuoga aviache sasa. Mkikaa mwaka mmoja bila mimba nendeni kwa GP. Ukiwa na miaka 36 au zaidi, nendeni mapema, baada ya miezi sita. Nendeni wawili, na kipimo cha mbegu kifanyike mwanzoni kabisa, kwa kuwa ni rahisi kuliko chochote utakachofanyiwa wewe.