Waya wa 1944 Usiufunge Kwenye Gari

Kila nikiona tangazo la mtu anayetafuta wayaringi (fungu zima la nyaya za umeme za gari) orijino ya Jeep ya Vita Kuu ya Pili, ile ambayo haijawahi kufungwa na bado iko kwenye boksi la jeshi, natamani nimpate kabla hajalipa. Nayapenda sana magari haya, na ninataka kila moja lifufuliwe lifanane na lilivyotoka kwenye viwanda vya Marekani, kwa Willys kule Toledo au kwa Ford. Lakini upande wa umeme sina msimamo wa katikati. Vya chuma na shaba vitafute vya zamani hadi uvipate. Waya wenyewe nunua mpya, uliosukwa kwa mtindo wa zamani.

Tatizo ni mpira. Waya wa Jeep za 1941 hadi 1945 ni shaba iliyovikwa mpira, na juu ya mpira kuna pamba iliyosukwa ikapakwa vanishi, yenye nyuzi za rangi za kukutambulisha waya upi ni wa taa na upi ni wa chaji. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Hewa na joto huukausha, na salfa iliyoukomaza kiwandani huishambulia shaba. Chukua ncha ya waya wa namna hiyo uizungushe kwenye kidole. Pamba itapinda vizuri tu, na muuzaji atakuambia umeona, bado mzima. Ichane pamba kwa wembe: mpira unamomonyoka na kukuangukia kiganjani, shaba imebaki uchi. Waya huo upitishe kwenye tundu la chesesi, gari litikisike kwenye njia mbovu, hapo shoti ni suala la muda. Na tangi la petroli la Jeep liko chini ya kiti cha dereva.

Vya chuma ni habari nyingine kabisa. Swichi kuu ya taa, kwa mfano, ukiivuta inasimama kwenye hatua ya taa hafifu za vitani. Kuendelea hadi taa kubwa lazima ubonyeze kitufe cha kufungulia, ili askari asije akawasha taa kubwa gizani kwa bahati mbaya na kumwonyesha adui alipo. Swichi ya zamani ikifunguliwa na kusafishwa, hatua zake unazisikia mkononi. Za kuiga nilizowahi kushika zimelegea, na mimi sizitaki kwenye dashibodi ya gari la 1943.

Vivyo hivyo vile vikopo vidogo vya kuzuia kelele za redio. Watu wanavitupa kwa kuwa gari halina redio tena. Usivitupe! Kapasita (kifaa cha kutunza chaji) ya karatasi iliyomo ndani ndiyo iliyokufa, na kwa kawaida inavujisha umeme. Itoe, weka mpya ndani ya kikopo kilekile. Hata mikanda ya shaba iliyosukwa, inayounganisha boneti na bodi na injini na chesesi, irudishe yote pamoja na washa zake zenye meno. Iliwekwa ili kutuliza kelele hizo, na ni sehemu ya sura ya gari la jeshi.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi waliozoea magari ya sasa hawalitilii maanani: Jeep hizi ni za volti 6. Balbu ya wati 45 kwenye volti 12 inavuta ampea 3.75, kwenye volti 6 inavuta 7.5. Ukipoteza nusu volti njiani, kwenye 12 hutahisi sana, kwenye 6 taa inafifia na stata inazunguka kwa uvivu. Kwa hiyo nyaya za betri ziwe nene kweli, na sehemu za kugusana zing'arishwe hadi chuma kionekane. Nimeona stata nzima zikilaumiwa kwa kosa la waya mwembamba wa betri.

Mtego mwingine unatoka Ufaransa. Kampuni ya Hotchkiss ilitengeneza Jeep kwa leseni baada ya vita, modeli ya M201, na nyingi zilitumia volti 24. Spea zake zinazagaa Ulaya na kwa macho zinafanana na za Willys, lakini balbu, geji au relei ya volti 24 haikufai hata kama muuzaji anaapa imetoka vitani. Ile herufi F ambayo Ford waliipiga kwenye vipuri vyao nayo isikupumbaze, kwa sababu siku hizi hata bolti mpya za kuiga zinapigwa F.

Kabla ya kununua chochote, usikate wayaringi mbovu iliyomo garini. Itoe nzima, ifunge lebo kila ncha, pima urefu wa kila tawi, piga picha za vibanio kwenye chesesi. Hiyo ndiyo ramani ya gari lako, na ukiilinganisha na mchoro wa mwongozo wa jeshi TM 9-803 wa 1944 utagundua wapi mafundi wa baadaye waliunga waya wao. Mshonaji wa wayaringi akipewa hiyo mkononi anafanya kazi safi kuliko kwa mchoro peke yake.

Nanyi mnaouza, nawaomba mambo mawili kwenye kila tangazo: volti za kifaa, na picha ya ncha ya waya iliyochanwa pamba.