Tuanze na ngozi

Seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, zimefika Mbeya kabla ya maabara yake. Pita Mwanjelwa, ingia kwenye makundi ya WhatsApp ya vikoba, kaa dakika kumi kwenye "semina ya afya" ndani ya ukumbi wa gesti, utakutana na mtu mwenye boksi la vipakti vya unga na maelezo marefu. Unga unatibu kisukari, presha, kiharusi, ugumba, macho na magoti. Unaumwaga chini ya ulimi, unasubiri. Boksi moja linauzwa kwa fedha ambayo mkulima wa viazi wa Uporoto anaipata baada ya kuuza gunia juu ya gunia. Nimesoma na kufanya kazi Japani, kwenye taasisi inayotafiti tiba ya seli shina yenyewe, na jambo hili linaniuma sana.

Mama yangu mdogo wa Tukuyu alinipigia simu akiwa ameshapata mnunuzi wa ndama. "Mwanangu, wanasema hizi ndizo zile seli ulizokuwa unasoma Japani. Nimnunulie baba yako mdogo?" Baba mdogo alipigwa na kiharusi, mkono wa kulia hauinuki.

"Hapana, mama. Ndama abaki. Hela ya dawa ya presha na ya mazoezi ya viungo ndiyo muitafute."

Nilimweleza kama ninavyoeleza hapa. Seli hai ya binadamu haikai kwenye unga wa kipakti. Ikikaushwa hivyo, imekufa. Vipakti vingi vina dondoo za mimea kama tufaha, na seli ya tufaha haijui kutengeneza ubongo wa mtu. Na hata ukimeza seli hai kabisa, tumbo litaisaga kama linavyosaga nyama ya mchemsho. Tiba ya seli shina iliyothibitika ipo, na haihitaji mtu wa kuja kukutafuta mlangoni. Kubwa kuliko zote ni kupandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kazi iliyompa Donnall Thomas wa Marekani Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Hapa kwetu inafanyika Muhimbili, na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, watoto wenye selimundu wanapandikizwa uloto wa ndugu zao. Hiyo ndiyo seli shina ninayoijua mimi: ina daktari, ina vipimo vya kulinganisha ndugu na ndugu, ina wiki kadhaa za kulazwa kwenye chumba kilichotengwa.

Kwa nini muuza vipakti anatushinda, basi? Anatushinda kwa sababu yeye yuko Mwanjelwa na sisi hatupo. Mtu wa Mbeya, Iringa au Njombe hana mahali pa kuona seli hai kwa macho yake, wala hana jirani anayefanya kazi hiyo akamuuliza. Ndiyo maana nasema nyanda za juu kusini zinahitaji maabara yake ya kuotesha tishu, yaani kukuza seli hai nje ya mwili, na nitasema pia ianze na nini.

Kwanza kazi yenyewe. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili huku nikilipwa kama msaidizi wa maabara, nchini Japani, ambako sayansi hii ilipiga hatua kubwa. Mwaka 2006, Kyoto, Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi walichukua seli za kawaida za panya zilizokwisha komaa, wakaziingizia jeni 4, nazo zikarudi kwenye hali ya uchanga ambayo seli inaweza kuwa karibu kitu chochote mwilini. Mwaka 2007 wakafanya hivyo kwa seli za ngozi ya binadamu. Yamanaka alipata Nobel mwaka 2012 pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Seli hizo zinaitwa iPS.

Ukisikia hayo unadhani kazi ya kila siku ni mashine kubwa na hesabu ngumu. Sehemu kubwa ni kulisha. Seli za iPS zinabadilishiwa chakula kila siku, Jumapili na sikukuu. Unanyunyizia glovu pombe ya asilimia 70, unatoa sahani kwenye inkubeta ya nyuzi 37 yenye kaboni dayoksaidi asilimia 5, na kabla hujagusa chochote unaitazama kwa hadubini. Koloni nzuri ni bapa, imebanana, kingo zake zinaonekana wazi. Ukiona kingo zimeanza kutawanyika, seli hizo zimeshachagua njia yake. Unazikwangua na kuzitupa. Chakula cha jana kilikuwa chekundu, leo kimeelekea manjano kwa tindikali ya uchafu wao. Unakifyonza chote, kisha unadondosha kipya kwa kukiegemeza kwenye ukuta wa sahani, polepole, kisizing'oe. Halafu unaandika kwenye daftari: saa, namba ya sahani, namba ya chupa ya chakula, ulichokiona. Asiyeandika haaminiwi na mtu, hata kama mikono yake ni mizuri.

Adui anayeogopwa kuliko wote ni maikoplazma, bakteria mdogo asiye na ukuta, kwa hiyo penisilini haimfanyi chochote. Hachafui chakula cha seli, haonekani kwa hadubini ya kawaida, anakaa tu na kuharibu matokeo ya miezi. Dawa yake ni kupima mara kwa mara na kutupa bila huruma. Nilijifunza uvumilivu mwingi zaidi kwenye kabati la hewa safi tunamolishia seli kuliko kwenye darasa lolote. Na nimeona seli zilizowahi kuwa ngozi ya mtu zikidunda kwenye sahani kama misuli ya moyo, zote kwa pigo moja. Aliyeona hilo hawezi kukaa kimya mbele ya kipakti cha unga.

Kuna jambo jingine nililiona kule ambalo vijana wetu wanaokwenda kusoma nje huwa hawalitilii maanani. Mada za utafiti za watu wale zinatoka kwenye wodi zao. Japani ni nchi ya wazee, kwa hiyo fedha na akili zinakwenda kwenye macho ya wazee, Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka), magoti. Mwaka 2014, Kobe, mgonjwa wa kwanza duniani kuwekewa tishu iliyooteshwa kutokana na iPS alikuwa mama wa zaidi ya miaka 70 mwenye ugonjwa wa retina, utando wa nyuma ya jicho. Ni haki yao kabisa. Lakini kijana anayetoka Iringa akaenda kule, akachukua mada ya retina ya wazee kwa sababu ndiyo aliyoikuta mezani, akirudi atakuwa na shahada isiyo na mgonjwa.

Wagonjwa wetu ni walioungua. Anayeishi Makete, Njombe au Mufindi anajua baridi ya Juni na Julai ilivyo huku. Jiko la mkaa linaingizwa ndani, watoto wanalizunguka, sufuria ya maji ya kuoga iko sakafuni. Mtoto wa miaka miwili anavuta ncha ya kitenge kilicholalia sufuria ya uji. Mtu mwenye kifafa anaangukia mafiga na hakuna mwingine nyumbani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moto na maji ya moto vinaua watu wapatao 180,000 kwa mwaka, wengi wao katika nchi zenye kipato kama chetu. Wanaopona nao wanabaki na viwiko visivyonyooka, vidole vilivyoshikana, kidevu kilichovutwa hadi kifuani. Daktari wa upasuaji anaweza kuchuna ngozi ya pajani na kuipandikiza kwenye jeraha. Swali gumu linakuja pale mapaja yenyewe yanapokuwa yameungua.

Kwa swali hilo sayansi ina majibu ya muda mrefu. Mwaka 1975 Howard Green na James Rheinwald, Marekani, walionyesha jinsi ya kuotesha seli za juu za ngozi ya binadamu nje ya mwili. Kipande kidogo, chenye ukubwa wa stempu, kinaweza ndani ya wiki chache kuzaa matabaka ya kutosha kufunika mwili. Mwaka 1983 ndugu wawili watoto walioungua zaidi ya asilimia 95 ya miili yao walifunikwa sehemu kubwa kwa ngozi iliyooteshwa hivyo, wakaishi. Mwaka 2015, Bochum, Ujerumani, mtoto wa miaka 7 wa familia ya wakimbizi kutoka Syria, ambaye ngozi yake ilikuwa inabanduka kwa ugonjwa wa kuzaliwa, alipandikizwa ngozi mpya karibu asilimia 80 ya mwili. Ilioteshwa Modena, Italia, na timu ya Michele De Luca, baada ya kurekebishwa jeni. Huko Perth, Australia, Fiona Wood aliendeleza njia ya kunyunyizia seli za ngozi ya mgonjwa mwenyewe juu ya jeraha.

Najua nitakachoambiwa, kwa sababu nimeshaambiwa. "Hospitali zinaishiwa glovu, wewe unaleta habari za kuotesha ngozi." Ni hoja ya haki na naiheshimu. Jibu langu ni kwamba hatuanzii Modena. Tunaanzia kwenye kondo la nyuma.

Ule utando ambao mama akiwa na uchungu tunasema "chupa imepasuka", kitaalamu amnioni, umetumika kufunika majeraha ya moto tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Ukilazwa juu ya jeraha ambalo halijala ngozi yote, unapunguza maumivu, unazuia maji ya mwili kupotea, na unasaidia ngozi ya mgonjwa ijirudishe. Haugeuki kuwa ngozi ya kudumu, na kwa jeraha lililozama hautoshi. Lakini unapatikana. Hospitali ya Wazazi Meta iko hapahapa mjini, akina mama wanajifungua kwa upasuaji, na makondo yanakwenda shimoni. Kinachotakiwa ni ridhaa ya mama, vipimo vya virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C na kaswende, kuvirudia baada ya miezi kadhaa, chumba safi cha kuuosha utando, glisirini ya kuuhifadhi, friji, na daftari linaloandikwa bila kuruka mstari.

Mikono tunayo pia. NIMR Mbeya, tawi la taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ilishiriki majaribio ya chanjo za UKIMWI, yakiwemo yale ya Tanzania na Msumbiji yaliyoitwa TaMoVac, na majaribio ya namna hiyo hayaendi bila mtaalamu wa maabara kutenganisha seli nyeupe za damu zikiwa hai, kuzigandisha na kuzihifadhi ili zije kuamshwa baadaye. Hiyo ni nusu ya kazi niliyoifanya Japani. Naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, si kigeni: maofisa mifugo wanaohimilisha ng'ombe wa maziwa Rungwe wanaibeba kwenye mitungi hadi vijijini. Umeme unakatika, ndiyo, na inkubeta bila umeme ni sanduku tu. Utando ulio kwenye glisirini unavumilia saa za giza ambazo sahani ya seli haiwezi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuanza nao, na kuja kwenye kuotesha seli za ngozi tukishazoea nidhamu ya usafi, vipimo na kumbukumbu.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma udaktari, uuguzi na sayansi ya maabara hapa Mbeya na Iringa, mnaotafuta ufadhili wa Japani, Ujerumani au kwingineko: kabla hamjaandika mada, ombeni ruhusa mkasimame wodini asubuhi ya kubadilisha bandeji za walioungua. Muulizeni muuguzi ni jeraha gani limemshinda mwezi huu. Mkifika huko, mtu akikupa mada, mwambie una ya kwako, na umweleze mgonjwa wako ni nani.

Na kwa wakubwa wetu: Meta, hospitali ya rufaa, chuo cha afya na NIMR viko ndani ya mji mmoja, umbali wa bajaji. Mkunga, daktari wa upasuaji, mtu wa maabara na mtu wa maadili ya utafiti wakikaa meza moja, wanaweza kuandika andiko la benki ndogo ya utando ndani ya msimu huu wa baridi. Mimi nitakuja na taratibu zote za maabara nilizonazo, zikiwa zimeshaandikwa kwa Kiswahili.