Al-Mu'izz bin Badis alikosea hesabu ya farasi, si ya madhehebu

Ikitajwa habari ya al-Mu'izz bin Badis, amiri wa Waberberi wa Sanhaja aliyetawala Qayrawan, Tunisia ya leo, lawama zote huangukia Bani Hilal, makabila ya Kiarabu ya wafugaji wa kuhamahama: eti walishuka kama nzige wakaimaliza nchi. Naona wanasingiziwa nusu yake. Amiri alilivunja agano moja kabla hajapata la kuliweka mahali pake.

Wafatimiya, makhalifa waliokuwa wakiitawala nchi hiyo, walipohamia Misri mwaka 972 waliukabidhi ukoo wa al-Mu'izz nchi kwa masharti mepesi: khalifa atajwe kwenye khutba ya Ijumaa, jina lake liwe kwenye dinari, zawadi ziende Cairo. Tabu ni kwamba Wafatimiya walikuwa Washia, na Qayrawan ni mji wa Kimaliki, yaani wa Kisunni. Mwaka 1016, al-Mu'izz akiwa mtoto wa miaka kama minane, raia waliwachinja Washia mitaani. Kwa hiyo kuhamia kwa Waabbasi, makhalifa wa Kisunni wa Baghdad, kungempendeza kila mtu nyumbani. Hata Hammad, ami ya baba yake, alishaicheza karata hiyo karibu mwaka 1015 alipojitenga upande wa magharibi.

Al-Mu'izz naye akabadilisha khutba, akavaa nyeusi ya Waabbasi, akageukia sarafu. Dinari za mwaka 441 wa Hijria (1049–1050) zilibeba aya ya Aal Imran: atakayetaka dini isiyokuwa Uislamu, haitakubaliwa kwake. Tusi hilo kwa Cairo lilipita mkono kwa mkono sokoni! Na Baghdad ilimpa nini? Vyeo na majoho. Askari hawakuja.

Waliokuja ni Riyah, tawi la Bani Hilal, kwa baraka za Cairo. Yeye akawaona jeshi la kukodi, la kuwapiga nalo binamu zake wa ukoo wa Hammad. Akawakaribisha, akawaoza binti zake kwa wakuu wao. Hapa ndipo alipopotea. Askari wa mshahara ukimlipa hurudi kambini. Kabila linalohama na wake, watoto na ngamia linataka malisho, na malisho yalikuwa mashamba ya raia wake.

Alipoamua kupigana, mwaka 1052 huko Haydaran, karibu na Gabes, aliwaita hata Zanata, mahasimu wa jadi wa Sanhaja. Wapiganaji 3,000 kuwashinda 30,000, kama wasemavyo wanahistoria wa zamani, ni hesabu ya washairi. Ila wasaidizi walimkimbia kweli, akabaki na walinzi wake.

Mwaka 1057 aliihama Qayrawan kwenda Mahdia akisindikizwa na wakwe zake wa Kiarabu, nyuma yake mji ukiporwa. Katika maagano yake yote, zile ndoa ndizo zilizomlipa. Jina la khalifa wa Cairo alikuwa amelirudisha kwenye khutba. Alipofariki mwaka 1062, mwanawe Tamim alirithi ngome ya pwani. Bara ilikuwa ya wenye ngamia.