Mraibu wa pombe naye apewe sindano ya mwezi

Familia nyingi hapa Nairobi huchanga, zikauza hata kiwanja, ili mtoto wao akae rihabu siku 90. Hutoka amenawiri, tukamshukuru Mungu. Kisha hurudi mtaa uleule wenye baa kila kona, bila dawa yoyote. Akianguka tena, tunasema hana msimamo.

Mimi nasema tumemwachia mgonjwa kazi isiyowezekana. Hata akiandikiwa vidonge vya naltreksoni, ambavyo huzuia ubongo usipate ile raha ya pombe, itambidi aamue upya kila asubuhi. Na asubuhi ambayo kiu imemkaba ndiyo hiyohiyo atakayoacha kumeza. Sindano inamwondolea vita hivyo. Ni naltreksoni ileile, miligramu 380, iliyofungiwa ndani ya chembechembe zinazoyeyuka polepole mwilini. Huchomwa takoni mara moja kila wiki 4. Marekani iliiidhinisha kwa uraibu wa pombe mwaka 2006.

Kwetu jambo hili si geni. Akina mama huchomwa depo ya kupanga uzazi kila miezi 3, na wagonjwa wa akili wanaosahau vidonge huchomwa flufenazini inayokaa wiki kadhaa. Mlevi tu ndiye tunayemwambia ajikaze. Naijua hoja ya bei: kule Marekani dozi moja hupita dola 1,000. Lakini hiyo ni sababu ya serikali kujadiliana na watengenezaji, si sababu ya kunyamaza.

Wala si dawa ya kumchoma mtu kwa nguvu. Kuna wake wanaoshauriwa kumtilia mume disulfiramu, dawa inayomfanya mnywaji augue, kwenye chai bila yeye kujua. Dada zangu, msithubutu. Akinywa pombe juu yake atatapika, moyo utaenda mbio, presha itashuka, na anaweza kufa. Naltreksoni nayo ina masharti: ini lichunguzwe, na asiwe ametumia heroini wala dawa kali za maumivu za jamii ya mofini katika siku 7 hadi 10 kabla ya kuanza. Aliyezoea kunywa sana asiachishwe ghafla nyumbani. Anaweza kupata degedege.

Sindano haimponyi kila mtu, na ushauri nasaha bado unahitajika. Inachofanya ni kupunguza siku za kunywa kupindukia, na kwa mama anayelala macho wazi akisubiri mlango ugongwe, hilo si dogo. Kwa hiyo kabla hujalipa rihabu, waulize: akitoka hapa ataendelea na dawa gani, na ni kliniki ipi itakayompa?