U+A015: jina lenye kosa, na sababu ya kuliacha

Katika hati ya Wayi, jamii ya Liangshan, mkoani Sichuan, China, kila alama ni silabi nzima pamoja na toni yake. Unicode, mfumo wa kimataifa unaoipa kila alama ya maandishi namba na jina kwenye kompyuta, iliingiza alama 1,165 za hati hiyo mwaka 1999, na 1,164 kati yake zimepewa majina kwa matamshi yake. Iliyosalia ni ꀕ, yenye namba U+A015. Imeitwa YI SYLLABLE WU, ilhali si silabi hata kidogo: kazi yake ni kumwambia msomaji airudie silabi iliyotangulia.

Wanaotaka jina lirekebishwe wana hoja nzito. Anayetengeneza programu ya kugeuza maandishi ya Kiyi kuwa ya Kilatini huona njia ya mkato: ondoa YI SYLLABLE, kinachobaki ndiyo silabi. Inafaa kwa alama zote isipokuwa hii. Panapotakiwa "bbo bbo", hutoka "bbo wu", na kompyuta haitoi onyo lolote. Tena katika Kinuosu, lugha ya hati hii, kurudia silabi ya mwisho ya kitenzi ndiko kunakoifanya kauli iwe swali. Rudio likipotea, swali nalo limekwenda. Sisi tunaotofautisha pole na polepole hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Hata hivyo, Unicode inaposhikilia jina hilo inaonewa ikisemwa kwamba inadharau lugha ndogo. Kanuni ya kutobadili jina haibagui: jina la U+FE18, alama ya mabano, lina BRAKCET badala ya BRACKET, na itabaki hivyo. Jina hapa ni kitambulisho ambacho programu hukitegemea; ukilibadili, kilichoandikwa jana kinavunjika leo. Hasara ya aina hiyo imeshaonekana. Mwaka 1996, toleo la 2.0 la Unicode lilihamisha silabi 6,656 za Kikorea kwenye namba mpya, na maandishi yaliyohifadhiwa kwa namba za zamani yakawa hayasomeki sawasawa. Mwenye lugha ndogo, asiye na kampuni ya kumrekebishia mafaili yake, ndiye angeumia zaidi mambo yakihamahama.

Isitoshe, dawa ipo. Alama hii ina lakabu rasmi, YI SYLLABLE ITERATION MARK. Tangu toleo la 3.3 la Python, lugha ya kuandikia programu, ukiandika jina au lakabu unapata ꀕ ileile. Lakini ukiiuliza Python jina la ꀕ, inakujibu WU peke yake. Hapo ndipo malalamiko yanapopaswa kuelekezwa: kwa zana zinazoonyesha jina na kuificha lakabu.